Sura ya Sita: Nafuu kwa Nani?

"Serikali isipojenga, watu hulia. Ikijenga, watu hulia zaidi. Watu wa Mombasa wataka nini hasa?"

Swali hili nimelisikia ndani ya matatu za Ferry, nimelisikia barazani Kibokoni kahawa chungu ikizunguka, na nimelisikia kwa wageni waliokuja kisiwani kwa kazi wakashangaa kuona kila mradi wa nyumba za bei nafuu unaanza kwa malalamiko na kuishia mahakamani. Mwulizaji huwa ameshajijibu. Kwake yeye, wenyeji ni watu wa kukataa tu: wavivu wa maendeleo, wapenzi wa magofu.

Mimi nadhani swali lenyewe limefungwa vibaya. Kwenye kisiwa hiki kuna kukataa kwa aina mbili, na zote mbili hutumia maneno yaleyale. Yuko anayekataa kwa sababu hataki maskini wawe majirani zake. Yuko pia anayekataa kwa sababu yeye ndiye maskini, na amepiga hesabu akaona kwamba hiyo nafuu si yake. Wa kwanza akataa kutoka juu, wa pili kutoka chini. Ukiwachanganya hutaelewa kitu, na wenye miradi hufaidika sana watu wakiwachanganya.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane juu ya neno moja. Nikisema "tabaka" nakusudia kundi la watu walio karibu kwa kipato, kwa kazi na kwa mali. Pwani, hata hivyo, tabaka halikuwa pesa peke yake. Lilikuwa pia ukoo, mwaka ambao babu yako alifika mjini, na kitu ambacho nyumba yenu ilijengwa kwacho.

Mawe, udongo na ukuta wa bustani

Kisiwa cha Mombasa kina ukubwa wa kilomita 14 hivi za mraba. Mtu mwenye miguu mizima aweza kutoka Kizingo, penye mibuyu na upepo wa bahari, akapita Fort Jesus, akakata Ndia Kuu, akavuka Digo Road na kuingia Majengo kabla jasho halijamkauka. Katika mwendo huo mfupi atakuwa amepanda na kushuka ngazi nyingi za maisha.

Mji wa Kale wenyewe haukuwa mji wa watu sawa. Nyumba ya mawe ya matumbawe, yenye boriti na chokaa na mlango wa nakshi, ilikuwa ya muungwana au ya mfanyabiashara. Nyumba ya fito na udongo, paa la makuti, ilikuwa ya mvuvi, ya fundi, ya mtumwa. Washihiri waliotoka Hadhramaut walifika wakabeba maji na mizigo, wakadharauliwa na wenye majina makubwa, kisha wakafungua vijiduka ambavyo hao wenye majina walivitegemea kwa unga na mafuta. Mwaka 1907 hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria katika pwani hii, watu walioachwa huru walihitaji mahali pa kulaza mbavu. Wengi walipata nje ya mji wa mawe, katika mitaa mipya iliyokuja kuitwa kwa jina la wazi kabisa: Majengo.

Wakoloni wakaongeza ngazi yao. Walipoupanga mji, Wazungu walichukua Kizingo, upande wa bahari kuu, wakajipa nafasi, miti na uwanja wa gofu. Wahindi wengi wakajenga Ganjoni na pembezoni mwa mji wa biashara. Waafrika waliotoka mashambani na bara walisukumwa kuelekea Makupa, Majengo na kwengineko. Mgawanyo wa rangi ulifutwa vitabuni zamani. Barabara hazikufutwa. Upana wa barabara za Kizingo na wembamba wa vichochoro vya Majengo ni ramani ileile, ila sasa unaingia kwa pesa na hakuna anayekuuliza rangi.

Nyumba bila ardhi

Ukitaka kuelewa kwa nini Mombasa hugombana juu ya nyumba, anza na ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila aliyedai kumiliki kipande alitakiwa aende mbele ya msajili na ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo mdai wake alishindwa kuithibitisha, ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua karatasi, mawakili na lugha ya ofisi walitoka na hati. Aliyelima miaka yote kwa ruhusa ya mdomo, aliyekuwa mtumwa jana, na Mmijikenda aliyejua mpaka wake kwa mwembe, wengi wao walitoka mikono mitupu. Hata waungwana hawakusalimika wote. Watu wa Thalatha Taifa, yaani Waswahili wa Kilindini, Changamwe na Tangana, waliona bandari na reli vikikalia nchi ambayo wazee wao waliihesabu kuwa yao.

Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu ambao wageni huchukua muda kuuamini: nyumba bila ardhi. Maana yake ni kwamba nyumba ni yako, umeijenga kwa pesa zako, waweza kuiuza na kuirithisha, lakini kiwanja kilicho chini yake ni cha mtu mwingine. Kila mwezi walipa kodi ya ardhi. Huna hati. Una risiti.

Tumchukue Bi Mwanaisha wa Majengo. Si mtu halisi, lakini kila mtaa unaye. Nyumba aliirithi kwa mamake: ukumbi katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, ua nyuma wenye jiko na choo, baraza mbele. Chumba kimoja alala yeye, kimoja wajukuu, vinne amepangisha. Mpangaji mmoja ni kuli wa bandarini, mmoja muuza mitumba, mmoja mshonaji, mmoja kijana wa tuktuk. Chumba cha shilingi 4,000 kwa mwezi hakina arubuni ya kuumiza, hakidai karatasi za mshahara, na mwenye nyumba akiona mpangaji anaugua humngoja.

Nyumba za namna hii ndizo zilizokuwa nyumba za bei nafuu za Mombasa kwa miaka mia na zaidi, na hazikujengwa na serikali. Mama wenye vyumba vya kupangisha ndio waliolaza nguvu kazi ya bandari hii. Ongeza hapo nyumba za wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe aliifunga kwa ajili ya Mungu ili faida yake iende msikitini, kwa jamaa zake au kwa masikini, isiuzwe wala isirithiwe. Kenya ina Tume ya Wakfu inayosimamia mali za aina hiyo, na katika Mji wa Kale ziko si haba.

Ubovu wa mpango wa Bi Mwanaisha waonekana siku mwenye ardhi anapofariki na warithi wakataka kuuza. Mnunuzi hataki kodi ndogo ya kiwanja. Ataka fleti za ghorofa sita. Bi Mwanaisha atalipwa kitu kwa mawe na mabati yake, au atapewa notisi tu. Na wale wapangaji wanne? Hawamo katika karatasi yoyote. Hapo, mtu akija Majengo na habari njema ya ujenzi, usishangae akitazamwa kwa jicho la pembe.

Chumba kilichosimamisha bandari

Watu husahau kwamba nyumba za umma kisiwani zilipatikana kwa ugomvi. Mwaka 1939 makuli wa Mombasa waligoma, na tume ya uchunguzi iliyofuata ikakuta hali ya malazi ni mbaya mno. Vita vikapita, mji ukajaa, chumba kikawa ghali kuliko mshahara. Januari 1947 mji mzima ulisimama: bandari, reli, mahoteli, watumishi wa majumbani. Kiongozi aliyetokea katika mgomo ule, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa mbali na pwani kwa miaka. Hata hivyo ujumbe ulifika. Mfanyakazi asiye na pa kulala hapakii meli.

Katika miongo iliyofuata, baraza la mji lilijenga na kupangisha nyumba zake, nyingine kabla ya uhuru na nyingine baadaye. Majina yake kila mtu wa Mombasa ayajua: Buxton, Tudor, Mzizima, Khadija, Likoni, Changamwe, Miritini na mengineyo. Kodi ilikuwa ndogo. Kwa sababu ilikuwa ndogo, nyumba hazikuachwa. Baba alimwachia mwana, mwana akamwachia mjukuu, wengine wakawapangishia watu wa tatu kwa faida. Nalo baraza, likiona kodi haitoshi hata rangi, likaacha kukarabati. Paa likavuja, majitaka yakapasuka, na kufika miaka ya 2010 nyumba zile zilikuwa aibu juu ya ardhi ya dhahabu.

Neno ardhi ya dhahabu silitumii kwa kupamba. Buxton iko upande wa kisiwa unaoelekea daraja la Nyali, hatua chache kutoka katikati ya mji. Hakuna mjenzi asiyeiona.

Buxton

Wakati wa Gavana Hassan Ali Joho, Kaunti ya Mombasa ilitangaza mpango wa kubomoa nyumba zake kuukuu na kujenga upya kwa kushirikiana na wawekezaji. Ushirikiano huo maana yake ni hivi: serikali yatoa ardhi, mwekezaji aleta pesa na ujenzi, kisha nyumba zauzwa na kila upande wachukua chake. Buxton ikawa ya kwanza. Mwekezaji alikuwa Gulf Cap, kampuni ya Suleiman Shahbal, mfanyabiashara na mwanasiasa aliyekuwa ameshagombea ugavana wa kaunti hiyohiyo. Familia zilizokuwa ndani zilizidi 500.

Wapangaji walilalamika, wakaandamana, wakaenda mahakamani. Mwishowe walilipwa pesa za kuhamia, wakaondoka, na mwaka 2021 majengo yakabomolewa. Mahali pake yalisimama maghorofa meupe ya Buxton Point.

Nimeona watu wengi wakiyataja maghorofa yale kama ushahidi kwamba walalamishi walikosea. Tazama, wasema, palikuwa vibanda, sasa pana lifti! Ni kweli ni nyumba nzuri kuliko zilizokuwapo, na mimi sina hamu ya kutetea choo kilichopasuka. Lakini malalamiko ya wapangaji hayakuwa juu ya lifti. Walikuwa wakiuliza mambo ya kawaida kabisa. Hizo pesa za kuhamia zikiisha kabla nyumba hazijaisha, tulale wapi? Mpangaji wa maisha, aliyezeeka akilipa kodi ndogo, atageukaje mnunuzi? Na ardhi ya umma ikishauzwa vipandevipande pamoja na fleti, kaunti itajenga wapi tena safari ijayo?

Haya si maswali ya watu wasiopenda maendeleo. Ni maswali ya mtu anayesoma mkataba.

Hesabu ya sufuria

Tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu. Nyumba ni shilingi 3,000,000. Arubuni ya asilimia 10 ni 300,000. Kuli au mshonaji anayepata 15,000 kwa mwezi atahitaji mishahara 20 mizima, bila kula wala kupanda matatu, ili aipate arubuni peke yake. Zilizobaki, 2,700,000, zikigawanywa kwa miaka 25 bila riba hata senti, ni 9,000 kila mwezi. Atabakiwa na 6,000 ya unga, maji, karo na ugonjwa. Mwambie kwamba nyumba ni nafuu, atakuitikia kwa adabu na kurudi kwa Bi Mwanaisha.

Sheria yenyewe yaonyesha jinsi neno hili lilivyo pana. Kenya ilipitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu Machi 2024, baada ya mahakama kuukataa mwaka uliotangulia mpango wa kwanza wa kukata mishahara. Sheria hiyo yamtoza mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Anayepata 20,000 hukatwa 300. Kisha sheria yawagawa watu:

- Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi: nyumba za jamii.
- Anayepata kati ya 20,000 na 149,000: nyumba za bei nafuu.
- Anayepata zaidi ya hapo: nyumba nafuu za tabaka la kati.

Isome tena hiyo ya pili. Karani wa 25,000 na meneja wa 140,000 wamekaa benchi moja, wanangoja nyumba moja. Sihitaji kukwambia ni nani atakayeitwa kwanza benki ikianza kuuliza maswali. Nafuu ya mmoja wao ni ndoto ya mwenzake, na bango ni moja.

Kwa ufupi hadi hapa: kukataa kutoka chini hakutokani na kuchukia nyumba mpya. Kunatokana na historia ya watu walioishi juu ya ardhi wasiyokuwa na hati yake, na walioona kila mpango mpya ukianza kwa kuwahamisha wao na kuisha kwa kuwaingiza wengine.

Jengeni, lakini kule

Sasa tupande juu. Marekani na Uingereza wana neno la kejeli kwa mtu anayekubali nyumba za maskini zijengwe popote, isipokuwa nyuma ya kwake. Mombasa hatuna neno, lakini mtu tunaye. Yuko Kizingo, yuko Tudor ya majumba, na ndugu yangu, yuko hata Mji wa Kale.

Hoja zake zafaa kusikilizwa moja moja, kwa maana si zote za hila.

Ya kwanza ni maji, nayo ni ya haki. Kisiwa hiki hunywa maji yanayotoka mbali. Mengine yanatoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, zaidi ya kilomita 200. Mifereji hukauka siku nyingi, na mkokoteni wa madumu ni sehemu ya mandhari ya mji kama minara ya misikiti. Ukiongeza familia mia tatu kwenye barabara ambayo mfereji wake hutoa hewa, jirani akiuliza maji yatatoka wapi hana makosa. Lakini angalia lini anauliza. Ghorofa kumi za fleti za kifahari zenye dimbwi la kuogelea zinapopanda Kizingo, sauti huwa ndogo. Maji hukumbukwa zaidi pale wanaokuja ni wa chumba kimoja.

Ya pili ni maegesho ya magari. Hii huwa yanichekesha. Anayekuja kukaa nyumba ya bei nafuu huja na tuktuk, tena ya kukodi.

Ya tatu ni usalama. Mtu husema, "hatujui watakuja watu gani". Kisiwani neno hili hubeba mzigo mzito, kwani nyuma yake mna ugomvi wa zamani wa mwenyeji na mtu wa bara. Yuko mzee anayehofia kwamba nyumba mpya zitagawiwa Nairobi, kwa orodha ya Nairobi, na wanawe wabaki kupanga kwa watu. Hofu hiyo ina historia, hasa kwa mtu ambaye babu yake alikosa hati mwaka 1908. Lakini yuko pia anayejificha nyuma ya hofu ya mzee huyo, na anachokataa yeye ni dobi wake na yaya wake kulala karibu.

Ya nne, na nzito kuliko zote kwa Mji wa Kale, ni urithi. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la uhifadhi mwaka 1990, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana ofisi inayosimamia: usijenge juu kupita majirani, usibadilishe uso wa nyumba, roshani na milango iheshimiwe. Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Mimi ni katika wanaoamini kwamba masharti haya ni ya lazima. Ukishapandisha ghorofa saba katikati ya Kibokoni, umeziba upepo wa nyumba hamsini na huwezi kuurudisha.

Lakini urithi hutumiwa pia kama komeo. Nimeona mwenye nyumba akihutubia barazani juu ya utamaduni wa wazee wetu, naye mwaka uleule amewatoa wapangaji wa miaka ishirini ili vyumba viwe vya watalii wa siku tatu. Milango ya nakshi imebaki. Watu ndio walioondoka. Mtaa ukihifadhi roshani ukapoteza mvuvi, mshonaji na muuza mahamri, uliohifadhiwa ni picha. Na hakuna sharti hata moja la uhifadhi linalokataza nyumba ya zamani ikarabatiwe na kupangishiwa watu wa kipato kidogo. Kanuni zazungumzia urefu wa ukuta, mfuko wa mpangaji haumo.

Duka la vipimo vidogo

Mgogoro wa nyumba una pacha wake: mgogoro wa duka la rahisi.

Maskini hanunui kwa bei ya chini. Hununua kwa kiasi kidogo, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mafuta ya kupima ya shilingi 20, sukari robo, majani ya chai ya kumi, sabuni kipande. Ukijumlisha, robo nne za sukari aweza kuzilipia zaidi ya kilo moja ya tajiri. Analipia uwezo wa kununua leo bila kuwa na pesa ya kesho. Kiosko kilicho mlangoni humpunguzia pia nauli. Ndiyo maana nyumba za bei nafuu zikijengwa bila duka la vipimo chini yake huwa zimejengwa nusu.

Duka hilo ndilo watu wa juu wasilolitaka. Wasema lachafua mtaa, laleta msongamano, lakusanya vijana. Serikali huwasikiliza, kwa maana serikali nayo hupenda barabara zilizonyooka. Kila baada ya muda kanjo, yaani askari wa kaunti, hupita Marikiti, Mwembe Tayari na Digo Road, vibanda hushushwa, bidhaa hupandishwa lori. Baada ya wiki kadhaa vibanda vyarudi. Havirudi kwa ukaidi tu. Vinarudi kwa sababu mteja hakuhamishwa.

Na mteja huyo ni nani? Hapa ndipo unafiki wa kisiwa unaponifurahisha. Nenda Mama Ngina jioni. Pwani ile ilifungwa kwa matengenezo makubwa ikafunguliwa tena Oktoba 2019, siku ya Mashujaa, kwa nyasi, mataa na ukumbi wa wazi. Wauza madafu, mihogo na kachiri walikuwapo kabla ya nyasi na wako baada yake. Magari yanayoegeshwa mbele yao hayatoki Majengo peke yake. Mama wa Kizingo anashusha kioo, anaagiza muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, anakula akitazama meli. Kesho yake akiulizwa kama muuza muhogo apewe kibanda cha kudumu karibu na lango lake, atauliza habari za usafi.

Jirani zetu Unguja

Zanzibar walijaribu njia nyingine. Baada ya mapinduzi ya 1964, serikali ya Abeid Amani Karume iliamua kujenga Ng'ambo, upande wa maskini, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nyumba za udongo zikavunjwa, mabloku marefu ya Michenzani yakasimama kama msalaba katikati ya mji. Nyumba hazikuuzwa kwa mwenye mkopo, ziligawiwa.

Kasoro zilikuwapo. Bloku lilikata mitaa iliyozoeana, baraza likapotea, na bibi wa ghorofa ya tano akawa mfungwa wa ngazi. Hata hivyo Michenzani ilijibu kwa njia yake swali ambalo Mombasa bado hatujalijibu: anayebomolewa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuingia, au ni mteja kama wengine?

Kabla ya kupiga makofi au kuandamana

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na yanayofaa. Katiba hiyohiyo yadai ushirikishwaji wa umma, yaani wananchi kuulizwa kabla jambo halijaamuliwa. Mradi mkubwa hupitia pia tathmini ya mazingira, na tangazo hutolewa ili watu watoe maoni. Kwa hiyo mlango upo. Ukiingia, usibebe hoja ya "tunataka" au "hatutaki". Beba maswali haya:

- Bei ni ngapi, na mtu wa kipato gani aweza kuilipa bila kuacha kula?
- Ngapi ni za kupanga, na ngapi ni za kuuza?
- Waliopo leo, pamoja na wapangaji wa vyumba wasio na karatasi, wameandikwa wote majina?
- Ardhi itabaki ya umma au itakwenda na fleti?
- Maji na majitaka yamepimwa, au yameandikwa tu?
- Chini ya jengo kutakuwa na duka la nani?

Na ukimsikia jirani yako akipinga, mwulize swali moja la ziada: mradi ukijengwa, yeye atapoteza nini? Mpangaji wa Buxton alikuwa na la kujibu.

Limebaki ombi moja, kwa karani wa kaunti anayeandika tangazo la mkutano ujao. Mikutano hii huitishwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, ukumbini, kwa Kiingereza cha projekta. Saa hiyo kuli yuko Kilindini, muuza mitumba yuko Kongowea, na Bi Mwanaisha yuko kwenye foleni ya maji. Wanaohudhuria ni wenye madereva. Tafadhali iite Jumamosi baada ya Alasiri, uwanjani, kwa Kiswahili, na bei iandikwe kwa tarakimu kubwa za kusomeka kutoka nyuma.